Anza na waya wa simu, nyumba baadaye

Wengi mnaoanza kutafiti vituo vya zamani vya walinzi wa moto, waliokaa vileleni kwenye milima ya Marekani wakitazama moshi wa moto wa msitu, huwa mnakimbilia nyumba: ilijengwa lini, nani alilala humo. Ndiyo maana Desolation Peak, jimbo la Washington, hutajwa kwa sababu mwandishi Jack Kerouac alilinda pale siku 63 mwaka 1956, ilhali kibanda kilikuwepo tangu 1932. Mtu maarufu mwacheni hadi mwisho. Fuateni kwanza waya wa simu.

Mlinzi aliyeona moshi akakosa wa kumwambia hakuokoa hata mti mmoja. Hallie Daggett, aliyeajiriwa 1913 kulinda kituo cha Eddy Gulch, msitu wa Klamath, California, aliripoti mioto kama 40 msimu wake wa kwanza, na eneo lililoungua halikufika ekari tano. Sifa hupewa macho yake, na anastahili. Lakini taarifa zake zilishuka kwa simu, na bondeni palikuwa na watu wa kuzipokea na kuondoka na majembe. Kwa hiyo mkikuta kwenye daftari la kituo kwamba waya umekatwa na mti au theluji, msiuruke ukurasa huo.

Jifunzeni pia kutumia kifaa cha Osborne kabla ya kuingia kwenye nyaraka. Ni duara la chuma lenye nyuzi 360, ramani katikati, na kitundu cha kulengea moshi. Mlinzi mmoja hutoa mwelekeo tu, umbali anakisia. Vituo viwili vikitoa mwelekeo, mistari hukutana kwenye ramani ya ofisini, na hapo ndipo moto ulipo. Basi kituo kimoja peke yake hakisomeki. Ulizeni kilionana na kipi, na bonde gani jirani yake hakuliona.

Tarehe? Ulizeni ni tarehe ya nini. Kilele kimoja huweza kuwa kilianza na hema, kikapata kibanda, kisha nyumba ya futi 14 kwa 14 iliyopandishwa vipande vipande kwa nyumbu.

Mkipanda wenyewe, tazameni miti ya kando ya njia. Waya ulipitishwa ndani ya vikombe vya kauri vya vipande viwili, uweze kuteleza mti ukiuangukia badala ya kukatika. Mkikiona kikombe, pigeni picha, andikeni mahali kilipo, mkiache hapohapo.