Mtu mzima, dawa za kulevya na mkono wa Serikali: jibu la aliyeishi na mtumiaji

Ndugu mleta mada, umeuliza Serikali inapata wapi haki ya kumwingilia mtu mzima mwenye akili timamu anayetumia bangi, unga au pombe kwa fedha zake na ndani ya chumba chake, nawe umeona kwamba anayejidhuru mwenyewe aachiwe mwili wake. Nakujibu nikiwa mkazi wa Kinondoni ambaye mdogo wake wa tumbo moja alitumia heroini kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu haki ya kuzuia Serikali inayo, ila inapaswa kuitumia kwa ukali wote dhidi ya muuzaji na kwa kiasi kikubwa cha tahadhari dhidi ya mtumiaji, jambo ambalo kwetu mara nyingi limefanyika kinyume chake.

Sikatai kwamba mdogo wangu alipovuta mara ya kwanza aliamua mwenyewe, kwani alikuwa mtu mzima na hakuna aliyemlazimisha. Lakini nguvu ya heroini huisha baada ya saa chache, na mwili uliokwisha kuizoea huanza kuidai tena kabla jua halijazama. Arosto ikimshika mtu, mifupa humuuma, tumbo humharisha, machozi na makamasi humtoka bila kukoma, na usingizi humkimbia. Kete anayoitafuta wakati huo anaitafuta ili aweze kusimama tu, wala si kwa starehe. Mtungi wa gesi wa mama ulipouzwa, na nguo za wapangaji zilipoanza kupotea kambani, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameshiriki katika ule uamuzi wa kwanza. Kwa hiyo hoja ya kujidhuru mwenyewe naiona ina uzito mwanzoni, na inazidi kuwa nyepesi kadiri uraibu unavyokomaa.

Katiba yetu nayo haikuacha pengo hapa. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake, na ibara ya 30 inasema kwamba haki na uhuru havitatumiwa kwa namna inayoingilia haki za wengine au maslahi ya umma. Tunachobishania ni kipimo.

Na kwenye kipimo ndipo nilipoyaona mengi. Mdogo wangu alikamatwa katika misako zaidi ya mara moja, akakaa mahabusu na arosto yake bila tiba yoyote, na kila alipotoka alirudi kijiweni kulekule, kwa muuzaji yuleyule ambaye mtaa mzima ulimfahamu na ambaye kwa kipindi chote hicho sikuwahi kusikia ameguswa. Hofu ya misako iliwasukuma watumiaji magofuni, ambako walijidunga harakaharaka kwa sindano ya kuazimana, na kwa njia hiyo virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya C vilisambaa baina yao. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti waliandika habari za watumiaji wa hapa Dar es Salaam, wengi wao wanawake, waliokuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga ili kutuliza arosto. Anayeamini kwamba kitisho cha kukamatwa kinatosha kumrudisha mraibu nyuma aitafakari habari hiyo.

Kilichomsaidia ni dirisha la methadoni. Tiba hiyo ilianza kutolewa na Serikali katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Methadoni nayo ni ya jamii ya afyuni, lakini hukaa mwilini siku nzima na zaidi, hainyanyui mtu kwa stimu ya ghafla, na hutolewa bure. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kisha husemeshwa ili ithibitike kwamba ameimeza. Tiba hii ina kero zake, kwa kuwa mtu wa kufika dirishani kila asubuhi hutumia nauli kila siku, na msiba ukitokea mkoani hawezi kuondoka tu bila kupanga na kliniki. Mjomba wetu hadi leo anasema tumebadilisha kilevi kwa kilevi. Mimi sibishani naye tena, kwa sababu mdogo wangu sasa anapaka rangi magari na mama ameacha kufungia vyombo chumbani.

Hayo hayanifanyi niitake Serikali ikae pembeni. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa wasafirishaji wakubwa, na hilo naliunga mkono bila kusita. Naunga mkono pia zuio la aina ya viroba. Tangu tarehe 1 Machi 2017 pombe kali ya kwenye vifuko vya plastiki ilipigwa marufuku, kwa sababu bei yake na udogo wake viliifikisha mikononi mwa wanafunzi na mifukoni mwa madereva, lakini mtu mzima anayetaka kununua chupa yake hakuzuiwa. Sitadai, hata hivyo, kwamba mpaka kati ya kilichoruhusiwa na kilichokatazwa umechorwa kwa kupima madhara peke yake, maana mirungi ni kosa hapa kwetu huku ikiwa zao halali la biashara Kenya, na Uingereza iliiacha hadi ilipoikataza mwaka 2014.

Kwa wanaopenda kuitaja Ureno, ni kweli kwamba tangu mwaka 2001 anayekutwa huko na kiasi kisichozidi matumizi ya siku kumi hahesabiwi mhalifu, bali hupelekwa mbele ya kamisheni inayoweza kumwelekeza kwenye tiba. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipiga kura kufuata njia inayofanana na hiyo mwaka 2020, huduma za tiba zikachelewa kufika, na mwaka 2024 likarudisha kosa hilo katika sheria ya jinai. Tukiondoa pingu kabla ya kuongeza madirisha ya methadoni, sioni kwa nini sisi tutegemee matokeo mengine.

Kuhusu yule wa mfano wako, anayevuta bangi usiku nyumbani kwake na asubuhi akaenda kazini, nakubaliana nawe nusu: ningependa sheria imwishie kwenye faini au onyo, wala isimpeleke gerezani akalale na wauzaji. Anayemuuzia siwezi kumtetea hivyo, na duka la bangi lenye leseni karibu na shule za Tandale nitalipinga kwa sauti yangu yote.