Nova ni nyota mpya kweli?

Umeuliza kama nova ni nyota iliyozaliwa jana. Hapana, ila jina ndilo linalopotosha: ni Kilatini, maana yake "mpya". Mwanaastronomia wa Denmark, Tycho Brahe, alipoona mwaka 1572 nyota ikiwaka mahali palipoonekana patupu, akaiita hivyo. (Na kwa kweli ile ilikuwa supanova, mlipuko wa aina nyingine!)

Nova yenyewe hutokea kwenye nyota mbili zinazozungukana. Moja ni kibete cheupe, kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuzeeka, nayo humnyonya mwenzake hidrojeni. Gesi hurundikana juu yake, hushindiliwa, hupata joto, kisha tabaka lote hulipuka kwa mpigo. Mng'ao huongezeka maelfu ya mara, halafu hufifia kwa wiki au miezi. Nyota haifi, huanza kunyonya upya. Nova iitwayo T Coronae Borealis, kwa mfano, ililipuka 1866, ikarudia 1946.

Supanova ni habari nyingine: hapo nyota huporomoka au husambaratika kabisa. Kwa hiyo ukisema "nova kubwa" ukimaanisha supanova, umekosea chanzo, si ukubwa tu. Wingi? Mimi husema nova moja, nova mbili, basi.