Mtamba niliyemnunua bila kumpima

Mei 2022 nilinunua mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, mnadani kwa shilingi 1,100,000. Mwekundu, mgongo umenyooka, ana mimba ya miezi kama minne. Dalali alinionyesha kibali cha kusafirisha mifugo, nikaona mhuri, nikaridhika. Jioni ileile nikamwingiza zizini kwangu, huku upande wa Chalinze, akachanganyika na wenzake 30.

Agosti akatupa mimba. Kijana anayenichungia alimvuta yule ndama mfu kwa mikono mitupu, kondo la nyuma akalitupa pembeni mwa zizi, mbwa wakalila. Tukasema labda alipigwa pembe. Kufika Desemba walikuwa wametupa wengine watatu, na kijana naye alikuwa anaumwa: jioni homa inapanda, usiku jasho linamlowesha, kiuno na magoti vinamuuma kama mzee. Alitibiwa malaria mara mbili, taifodi mara moja. Nafuu ilikuja alipompata daktari aliyemuuliza kwanza, "Unafanya kazi gani?" Aliposikia habari za ng'ombe na mimba zilizotupwa, akaagiza kipimo cha brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao mtu huupata kutoka kwa ng'ombe. Kijana alikunywa dawa za aina mbili kwa wiki sita. Nikimkumbuka alivyokuwa amekonda miezi ile, bado moyo unaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Basi tukapima ng'ombe. Ugonjwa wa kutupa mimba hupimwa kwa damu, na kipimo cha awali ni chepesi kuliko nilivyodhani: tone la majimaji ya damu linachanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi juu ya kibao, linatikiswa, na ndani ya dakika nne unaona. Likibaki laini, salama. Likifanya chengachenga, kuna jambo, na sampuli inapelekwa maabara kuthibitishwa. Kwangu yalifanya chengachenga matone sita kati ya 31. Maabara ikathibitisha yote sita, na yule mwekundu alikuwemo.

Hapo ndipo mfugaji anapojaribiwa. Ng'ombe huyu hatibiki kwa namna yenye faida. Ushauri ni kumtoa kundini aende kuchinjwa. Jamaa mmoja akaniambia, "Wapeleke mnadani kabla habari hazijavuja." Nikaelewa papo hapo yule mwekundu alifikaje kwangu. Niliwapeleka machinjioni kwa barua ya afisa mifugo, kwa bei ya hasara, bila fidia. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kwa waliokuwa wakinunua maziwa yangu, nikawaeleza ukweli na kuwasihi wachemshe maziwa na wakamwone daktari wakipata homa isiyoeleweka. Wateja wawili hawakurudi. Siwalaumu.

Nilitaka sana kumpata aliyemuuza yule mtamba. Sikutaka ugomvi, nilitaka ajue kundi lake lina ugonjwa. Kibali kilitaja idadi ya ng'ombe na mnada waliotokea, basi. Alishapita mikono mitatu. Alikuwa na chapa ya moto pajani, lakini chapa inaeleza eneo, haikwambii huyu ni ng'ombe yupi wala alipimwa lini. Uchunguzi wangu ukaishia hapo, na huko alikotoka pengine mimba zinaendelea kutupwa hadi leo.

Ndiyo maana habari za hereni, ile alama yenye namba anayovalishwa ng'ombe sikioni, nimezibadilishia msimamo. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo tunayo tangu 2010, lakini wakati hereni za kielektroniki zinauzwa shilingi 1,750 kwa ng'ombe mmoja, nami nilikuwa miongoni mwa waliogoma. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua kule Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi, chanjo ya ng'ombe ikawekwa shilingi 500 na hereni bila malipo, nikawa wa mwanzo kupeleka wangu.

Hofu za wenzangu nazijua, na si za kipuuzi. Wengi wetu tumelelewa kwamba ng'ombe hahesabiwi hadharani. Mtu akija na daftari anauliza idadi, akili inakimbilia kodi, au siku utakayoambiwa upunguze mifugo. Mimi nasema maswali hayo tuyaulize kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari: nani anaona idadi yangu, na kwa kazi gani. Kukimbiza ng'ombe porini siku ya hereni hakutupi jibu. Wala usidanganywe kwamba hereni inazuia wizi. Mwizi ana kisu. Na hereni isiyoingizwa kwenye mfumo ni pambo tu. Usiondoke mpaka umeona namba imesajiliwa kwa jina lako, na ukiuza au ng'ombe akifa, dai taarifa ibadilishwe. Mimi nina daftari pia: namba ya hereni, rangi, mama yake, tarehe ya kupimwa, chanjo. Sikio likichanika kwenye miiba, daftari linabaki.

Jingine linalowachanganya wengi: chanjo ya ng'ombe ya kampeni ile ni ya homa ya mapafu. Haimkingi na kutupa mimba. Chanjo ya kutupa mimba, S19, huchanjwa ndama jike wa miezi mitatu hadi minane, na mtaalamu, kwa kuwa ni chanjo hai inayoweza kumdhuru anayeichoma. Iandike tarehe yake, maana ng'ombe aliyechanjwa anaweza kuonekana mgonjwa damu ikipimwa baadaye, ukaja kumchinja bure.

Ukinunua, pima kabla hujalipa yote. Muuzaji akikataa damu isichukuliwe, mwachie ng'ombe wake. Majibu yakiwa safi, bado mtenge, kwa sababu aliyeambukizwa karibuni anaweza asionekane. Rudia baada ya siku 30 hadi 60. Mtamba mwenye mimba ni mgumu zaidi: ugonjwa unaweza kujificha ndani yake mpaka azae au atupe, kwa hiyo yeye mweke pembeni hadi azae, kisha mpime tena. Mimba ikitupwa, shika kwa glavu, zika kwa kina na chokaa, fukuza mbwa, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Na umtazame anayekamua na anayechunga kabla ya kumtazama ng'ombe.

Mwezi uliopita nimenunua mtamba mwingine, wa kijivu, hana mimba, ana hereni. Mwenyewe alinipa namba ya simu ya afisa mifugo wa kwao, nikampigia, akanisomea kumbukumbu zake. Damu ya kwanza ni safi. Yuko kwenye zizi dogo la miti nililojenga ng'ambo ya kisima, ana ndoo yake na bomba lake la mkono la kuogeshea, na kijana anamhudumia wa mwisho kila siku akiwa na viatu vya mpira. Damu ya pili itachukuliwa Jumanne ijayo.