Umeachiwa sarafu za marehemu? Weka mswaki chini kwanza

Simu huja wiki chache baada ya msiba. "Wewe si ndiye mtu wa sarafu? Mzee kaacha boksi zima, njoo utuambie ni za kiasi gani." Nimeitwa hivyo na ndugu, na majirani, na hata mtu tuliyewahi kukutana mara moja tu. Zamani nilikuwa nauliza ni sarafu gani. Siku hizi naanza na jambo moja: msizisafishe.

Aliyenifunza hilo ni shemeji yangu. Alitaka nikifika nizikute zinang'aa, basi akakesha na mswaki na dawa ya meno. Nilichukua dola moja ya fedha ya Marekani, ya karne ya 19, nikaigeuza polepole chini ya taa. Uso mzima ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja, mpaka shavuni kwa yule mama aliyechorwa. Weusi ule alioudhani uchafu ndio wakusanyaji wanaoutafuta, kwa kuwa unaonyesha sarafu haijachezewa. Shemeji alikuwa ananitazama akisubiri sifa. Nikamwambia zimependeza.

Vifaa vyangu ni vichache: kitambaa laini mezani, kioo cha kukuzia, sumaku, na mizani inayosoma sehemu ya gramu. Sarafu inashikwa ukingoni, kidole kisiguse uso. Kabla ya kupima chochote nasoma kila alichoandika marehemu: vibahasha, vikaratasi, risiti. Mpwa mmoja alizitoa zote kwenye bahasha "zisijaze nafasi", akatupa bahasha. Maelezo ya penseli ya miaka mingi yakaondoka na taka.

Kisha natenga kwa madini, na hapa mwaka unasaidia sana. Dime (senti 10), quarter (senti 25) na nusu dola za Marekani za kawaida, hadi zile za 1964, zina fedha asilimia 90. Quarter ya matumizi ya kawaida ya 1965 haina kitu. Ukiitazama ubavuni utaona mstari wa shaba. Nusu dola ndizo zilizobaki na asilimia 40 hadi 1970. Zile za fedha za Uingereza zilikuwa asilimia 92.5 hadi 1919, zikashuka hadi 50 mwaka uliofuata, na kuanzia 1947 zile za mzunguko hazina fedha tena. Ukikuta sovereign, ile ya dhahabu, iweke kwenye mizani: isiposoma gramu 7.98 au karibu sana na hapo, anza kuwa na wasiwasi.

Sumaku nayo huokoa aibu. Mwaka 1943 Marekani ilitengeneza senti za chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani. Chache zilitoka za shaba kwa makosa, na hizo ni ghali mno. Kwa hiyo wajanja huchukua ile ya chuma na kuipaka shaba. Ikinasa kwenye sumaku, hadithi imeisha.

Kinachonipa shida kuliko vyote ni kuwaeleza watu kwamba uzee si thamani. Shaba nyingi za Roma ya mwishomwisho zina zaidi ya miaka 1,600 na bado ni rahisi, kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno. Rafiki yangu mmoja alikuwa na thaler ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, iliyoandikwa mwaka 1780, na kichwani alishamaliza kujenga nyumba. Ikabidi nimweleze kwamba malkia huyo alifariki mwaka huohuo, lakini sarafu yake ikaendelea kutengenezwa, ikiandikwa mwaka uleule wa 1780, hadi karne ya 20, Vienna na hata London na Bombay. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo ni feki?" Hapana. Ni fedha kweli, gramu 28 hivi, asilimia 83. Ila nyumba haipo.

Kuhusu bei, angalia sarafu kama hiyo *imeuzwa* kiasi gani, usiangalie mwenye nayo anaomba kiasi gani. Kuomba ni bure. Kuzipeleka kwa kampuni za kuhakiki, zinazotoa alama 1 hadi 70 kwa hali ya sarafu, kuna gharama, hivyo nashauri hivyo kwa zile chache tu ambazo thamani yake inazidi ada. Na mimi sinunui sarafu niliyoitwa kuikadiria, hata nikiipenda namna gani. Anayekukadiria akitoa pochi palepale, funga boksi.

Nikimaliza napiga picha pande zote mbili, naandika orodha, na kila mrithi anapata nakala kabla sijaondoka. Boksi lenyewe huwa naomba lilale kwa mtu mwingine, asiwe yule aliyenipigia simu. Kwa kawaida huyo ndiye mwenye haraka ya kuuza.