Mwanangu, si kila muwasho ni fangasi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini umetumia dawa ya fangasi mara mbili na bado sehemu ya nje ya uke inakuwasha na kuwaka moto, ingawa huoni uchafu wowote ukitoka. Tafadhali usinunue ya tatu kabla hujapimwa.

Fangasi wana dalili zao: ute mweupe mzito, wa mabonge kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali. Hupenda kuja baada ya kumeza antibayotiki, wakati wa ujauzito, au sukari ikipanda. Wakirudirudi, pima sukari. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki ni bakteria waliozidi ukeni, na hao huwasha kidogo tu. Wa njano au kijani wenye povu huelekea kuwa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Hapo mwenzi wako naye atibiwe hata kama hana dalili, na msikutane kimwili mpaka zipite siku 7 baada ya nyote wawili kumaliza dawa.

Kwa kuwa wewe huna ute wa namna hiyo, mimi naishuku ngozi. Ngozi ya pale ni laini sana, huudhiwa na sabuni yenye manukato, pedi za kuvaa kila siku, sabuni ya kufulia iliyobaki kwenye chupi, wembe, na hata krimu ileile ya fangasi. Unapaka, inachoma, unadhani ugonjwa umezidi, unapaka tena.

Kwa wiki 2 acha vyote hivyo. Osha nje tu kwa maji ya uvuguvugu, mara 1 kwa siku. Ndani usiingize maji wala sabuni, uke hujisafisha wenyewe. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, usisugue. Vaa chupi ya pamba isiyobana, na usiku lala bila chupi. Ukijipaka vaselini nyembamba isiyo na manukato, mkojo hautachoma sana.

Huo mkojo nao uuchunguze. Ukichoma ndani wakati unatoka, na unakwenda haja ndogo kila mara, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukichoma pale unapogusa ngozi, huenda kuna mchubuko au kidonda.

Kisha chukua kioo kidogo, ujitazame kwenye mwanga. Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yenye maumivu, yanaweza kuwa ya herpesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kwa kujamiiana. Nenda kwa daktari siku hiyohiyo, maana kipimo hutoa jibu zuri yakiwa bado mabichi. Ukiona mabaka meupe yanayong'aa, ngozi nyembamba kama karatasi inayochanika, yaweza kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Huo hautokani na uchafu wala hauambukizi, lakini unahitaji mafuta makali ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi) kutoka kwa daktari na kufuatiliwa kwa miaka, kwa sababu ukiachwa hubana mlango wa uke, na mara chache huleta saratani.

Siku 2 kabla ya kwenda kwa daktari usiingize dawa yoyote ukeni. Mwambie daktari umeshatumia nini na lini, na umwombe aitazame ngozi yenyewe na kuchukua ute wa kupima, asikuandikie dawa kwa maelezo tu.

Mama yako