Fundi Anajibu: Anza na spika, kisha soma nyuma ya amplifaya

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nasomesha hesabu skuli ya sekondari hapa Chake Chake. Nimehamia nyumba yangu na nataka stirio ya maana, ya kwanza maishani mwangu. Mimi na mama yangu ni watu wa taarab ya zamani, ya kanuni na fidla, na Ijumaa tunasikiliza qasida. Ukumbi wetu ni futi 12 kwa 15, chini vigae, na tunakaa kwenye mkeka. Nimeweka laki 6. Duka moja limenionesha sabufa na spika zake 5, imeandikwa wati 12,000, kwa bei hiyo hiyo. Shemegi yangu wa Unguja naye amepata amplifaya ya Japani iliyoshuka na kontena, anasema nisiiachie. Nifuate lipi? — Mwalimu, Chake Chake

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwalimu. Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuanze na hiyo 12,000. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,990. Hizo 12,000 zitapitia wapi? Igeuze sabufa usome kibandiko cha umeme kilicho nyuma. Mara nyingi utakuta inakula wati 60 au 80, na kifaa hakiwezi kuendelea kutoa zaidi ya kinachokula. Namba kubwa ya mbele ni ya PMPO, ambayo kila kiwanda huipima kinavyotaka. Unayoitafuta wewe ni iliyoandikwa RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo.

Na hata kama ingekuwa ya kweli, kwa taarab nisingekuchagulia. Sabufa za namna hiyo zina boksi moja kubwa la besi na vispika vyenye koni ya inchi 2 au 3. Vikombe vitatikisika kabatini, juu kutalia, na pale katikati, anapokaa mwimbaji na fidla zake, pamepwaya. Mama yako atasikia vishindo na kuyakosa maneno. Mtu anayeijua taarab akikosa neno moja la ubeti, starehe imemharibikia.

Tafuta spika pea moja tu, za boksi la mbao, kila moja iwe na koni ya inchi 5 hadi 6 na nusu pamoja na tiwita, yaani kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Angalau nusu ya pesa zako ziende hapo. Amplifaya mbili nzuri zisipozidiwa na kazi hukaribiana sana sikioni, ila spika za aina mbili hutofautiana mpaka mtoto anasikia. Nenda dukani na nyimbo zako kwenye simu, zile unazozijua kila pumzi, na umwombe muuzaji asawazishe sauti kabla hujalinganisha. Spika inayopiga kwa nguvu zaidi kidogo siku zote huonekana bora, na wauzaji wanalijua hilo.

Kwenye kibandiko cha spika au kwenye karatasi zake mna namba mbili za kusoma. Ya kwanza ni desibeli, yaani ukali wa sauti kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Kati ya spika ya 85 na ya 88 tofauti ni 3 tu, lakini kila desibeli 3 ni kuzidisha wati mara mbili: pale ya 88 inapotosheka na wati 20, ya 85 inataka 40. Ya pili ni omu, yaani kiasi spika inavyouzuia umeme. Chagua 8 au 6. Za 4 huvuta mkondo mwingi, na amplifaya ndogo hupata moto ikizisukuma.

Kwa ukumbi kama wenu, spika za desibeli 88 zikipiga kwa kiasi cha kustarehe hazili hata wati 5. Kwa hiyo amplifaya ya wati 30 hadi 50 za RMS kila upande inatosha, na inabakiwa na nguvu pale fidla zote zinapoingia kwa pamoja. Iwe na Bluetooth kwa ajili ya simu na matundu ya waya kwa ajili ya vifaa vingine. Watu wengi wanaogopa amplifaya kubwa wakidhani itaunguza spika. Tiwita nyingi zinazofika mezani kwangu zimeunguzwa na amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho, ikakata vichwa vya mawimbi na kuzimwagia tiwita nguvu zisizozistahimili.

Sasa hiyo ya shemegi yako, na hapa nakuomba sana unisikilize. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Mwambie aisome nyuma kabla hajaigusisha ukutani. Ikiwa imeandikwa AC 100V peke yake, ukiichomeka kwenye 230 itaungua mara hiyo hiyo. Inaweza kutumika kwa transfoma ya kupunguza umeme, yenye uwezo mara mbili ya wati inazokula, lakini hiyo ni gharama nyingine na uzito mwingine, na iko siku mgeni ataichomeka moja kwa moja. Tena kama ina redio ndani yake, FM ya Kijapani huanzia 76 na zile za zamani huishia 90, basi stesheni za juu ya hapo hutazipata. Wenye magari ya Japani mnayajua hayo. Za Uingereza na Dubai hazina tatizo hilo la volti.

Spika za Japani, kinyume chake, zichukue kwa moyo mmoja, maana spika ya kawaida haichomekwi ukutani na haijui volti za nchi gani. Kagua tu ule ukingo unaozunguka koni. Wa mpira hudumu. Wa sponji uguse kidogo kwa kidole, ukimeguka, ziache. Angalia na boksi kwa chini kama mbao haijavimba kwa unyevu.

Ukumbini, piga kofi moja. Likijibu, vigae ndivyo vinavyoongea. Zulia mbele ya spika na pazia zito vitafanya kazi ambayo pesa haifanyi. Zitenge spika futi 6 au 7, zikae futi moja na nusu kutoka ukutani, pembeni kabisa usiziweke kwa sababu besi itavimba. Tiwita iwe usawa wa sikio, na nyinyi mnakaa chini, basi vigoda vifupi vinatosha; hizo stendi ndefu za dukani ni za watu wa makochi. Waya wa milimita 1.5 unatosha.

Bakisha pesa ya kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme ukirudi. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na hatari kubwa ni ile dakika unaporudi baada ya kukatika.

SWALI: Fundi, spika zangu zilikuwa na besi nzuri. Tumehamisha kabati, nimezifunga upya, besi imepotea na mwimbaji hajulikani yuko wapi. Zimeharibika? — Msomaji, Makunduchi

JIBU: Hazijaharibika, umegeuza waya wa upande mmoja. Koni moja inakwenda mbele wakati mwenziwe inarudi nyuma, na besi zinauana. Nyekundu ya amplifaya iende nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Zima amplifaya kabla hujazigusa, na hakikisha hakuna unywele wa shaba unaogusa tundu la jirani.