Maswali ya Wasomaji: Peter Handcock alikufa kwa kosa gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Bombo, Uganda, ambapo wengi wetu ni wajukuu wa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki, umezuka ubishi juu ya Mwaustralia Peter Handcock, aliyepigwa risasi na Waingereza katika Vita vya Makaburu ilhali alikuwa akiwapigania. Wapo wazee wanaosema kwamba alionewa kwa kutii amri. Je, ni kweli?
Msomaji wako, Bombo

JIBU: Ndugu msomaji, Peter Joseph Handcock alizaliwa mwaka 1868 karibu na Bathurst, katika New South Wales, akawa mhunzi, akaoa, akapata watoto watatu. Vita vilipozuka Afrika Kusini mwaka 1899, alijitolea kwenda na askari wapanda farasi wa koloni lake, kazi yake ikiwa kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Mwaka 1901 alipewa cheo cha luteni wa kuhudumia wanyama katika Bushveldt Carbineers, kikosi cha upande wa Waingereza kilichokuwa na makao yake Pietersburg, kaskazini mwa Transvaal.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Mwezi Agosti mwaka huo Kapteni Percy Hunt wa kikosi hicho aliuawa akishambulia nyumba ya Makaburu, na rafiki yake, Luteni Harry Morant, akashika uongozi akiwa amejaa kisasi. Mateka majeruhi, Floris Visser, alipigwa risasi. Tarehe 23 Agosti wakauawa mateka wengine wanane, ambao hawakuwa tena na silaha mikononi. Siku hiyo hiyo mchungaji Daniel Heese, aliyekuwa amezungumza na mateka hao, aliuawa njiani, na Mwafrika aliyemwendeshea gari akauawa pia.

Wazee wenu wanastahili kujua kwamba waliofichua mauaji hayo hawakuwa maadui. Askari 15 wa kikosi hicho, Waaustralia wakiwa miongoni mwao, walitia saini barua ya kuwashtaki maofisa wao. Nao walikuwa chini ya amri zile zile, katika vita vile vile, lakini waliona kwamba kumuua mtu aliyekwisha kujisalimisha si kazi ya askari. Kwangu mimi ushahidi huo una uzito kuliko utetezi wote uliotolewa baadaye.

Katika mahakama ya kijeshi, mwanzoni mwa mwaka 1902, Meja James Thomas, wakili kutoka Tenterfield, aliwatetea washtakiwa, Handcock na Morant wakiwa miongoni mwao, akiwa amepata muda mfupi mno wa kujiandaa. Alidai kwamba Hunt alikuwa ameleta amri kutoka juu ya kutochukua mateka. Lord Kitchener, yule yule aliyeiteka mwaka 1898 Sudan, iliyokuwa jirani yetu wa kaskazini hadi mwaka 2011, ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi, na ndiye aliyeidhinisha hukumu. Handcock na Morant walipigwa risasi Pretoria tarehe 27 Februari 1902, na serikali ya Australia ikapata habari baada ya hukumu kutekelezwa. Mwenzao, George Witton, alibadilishiwa adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1904.

Kwa hiyo, wazee wana haki wanaposema kwamba kesi iliendeshwa kwa haraka na kwa siri. Hawana haki wanaposema kwamba mtu huyo hakuwa na hatia, kwani mateka wale waliuawa kweli, naye alishiriki. Kuhusu mchungaji Heese mahakama ilimwachilia, lakini mwaka 1929 Witton alimwandikia Thomas barua akisema kwamba Handcock alikuwa amemkiria kosa hilo. Inaniuma kwamba mashtaka yale yalimtaja mchungaji peke yake, na kifo cha yule Mwafrika hakikumfikisha mtu yeyote mbele ya hakimu.

Jina la Handcock liliongezwa katika mnara wa kumbukumbu wa Bathurst mwaka 1964. Ombi la kumsamehe yeye na wenzake lilipelekwa Uingereza, na serikali ya huko ikalikataa mwaka 2010.